Hisabati shuleni: Tatizo kwanza, kanuni baadaye

MWALIMU wa Hisabati anayeandika kanuni ubaoni, akatoa mfano mmoja na kuagiza maswali kumi ya zoezi, huwa amekwisha kuwafanyia wanafunzi sehemu ngumu ya kazi. Ufundishaji kwa njia ya tatizo hugeuza utaratibu huo: tatizo hutangulia, kanuni hufuata.

Mbinu hiyo ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ilipotumiwa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari. Katika shule za msingi za Japani, kipindi kizima cha Hisabati mara nyingi hujengwa juu ya swali moja tu.

Chukua mfano wa darasa la tano. Shule ina waya wa mita 24 wa kuzungushia bustani ya mchicha yenye umbo la mstatili. Vipimo vipi vitatoa eneo kubwa zaidi?

Mwanafunzi mmoja atachora bustani ya mita 11 kwa 1 na kupata mita za mraba 11. Mwingine atachora 8 kwa 4, apate 32. Waya ni uleule, lakini mchicha hautalingana. Watakapofika 6 kwa 6, yaani 36, watakuwa wamezidisha mara kadhaa bila kuagizwa, na wametofautisha mzingo na eneo, mambo ambayo wanaokariri huyachanganya. Ukizuka ubishi iwapo mraba nao ni mstatili, usizimwe. Huo nao ni hisabati.

Mwalimu hupita kati ya madawati akiuliza, “Umejuaje?” Kisha huwaita wenye njia tofauti, hata iliyokosewa, waandike ubaoni.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina wapinzani. Mwaka 2006, Paul Kirschner na wenzake wawili waliandika kuwa anayeanza kujifunza hulemewa akiachwa agundue mambo bila mwongozo wa kutosha. Hoja hiyo ina uzito: asiyejua kuzidisha hatafika popote na waya huo.

Nchini Tanzania, mtaala wa mwaka 2005 ulielekeza ufundishaji unaojenga ujuzi. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika, huku mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ukikaribia, hukimbilia kumaliza mada. Kwake, kipindi kimoja cha tatizo kwa wiki kinawezekana: makundi ya watoto watano, kila kundi na uzi wa sentimita 24 badala ya waya.