Barua Yetu Ilimfanya Binti Kuwa Mvulana

Kikundi chetu cha akina mama kiliwahi kumwombea nafasi ya shule binti wa mama mwenzetu aliyefiwa na mumewe. Shule tuliyoitaka ilikuwa ya bweni, na mkuu wake alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, kwa hiyo tuliona heri tumwandikie kwa Kiingereza. Tulikaa jioni nzima tukiandika, tukifuta na kuandika tena. Tulimsifu mtoto: ana bidii, anamsaidia mama yake, na hesabu anaziweza. Baada ya majuma mawili jibu likaja. Mkuu alitushukuru kwa upole, kisha akasema anasikitika kwamba shule yake hupokea wasichana tu.

Tulitazamana. Tukaitafuta nakala ya barua. Kumbe ukurasa mzima tulikuwa tumeandika "he", mara saba! Jina la binti huyo ni mojawapo ya yale ambayo kwetu hupewa mvulana au msichana, basi mkuu wa shule angejuaje? Tulipeleka barua ya pili pamoja na cheti cha kuzaliwa. Nafasi ikapatikana, lakini binti alianza masomo majuma matatu baada ya wenzake, na mama yake hakupata usingizi muda huo wote.

Mama msomaji, huenda wewe huandiki barua ndefu kama ile. Lakini mtoto akiugua unamwandikia mwalimu. Unaomba kazi, unawaandikia wakwe walio ng'ambo, unajibu ujumbe wa simu. Vijineno hivi vidogo, "he", "she", "him", "her", "I" na "me", vimo katika kila mstari.

Wala tusijione wajinga. Kosa letu lina chanzo chake katika lugha tuliyolelewa nayo. Hebu tazama maneno haya mawili: "Alimwambia atakuja." Ni mwanamume au mwanamke aliyesema? Aliambiwa nani? Na atakayekuja ni yupi kati yao, au ni mtu wa tatu? Kwetu hakuna taabu, maana tunaozungumza tunawajua watu wenyewe. Mwenye Kiingereza hana ruhusa hiyo. Ni lazima aamue: "He told her that she would come," au "She told him that he would come," na namna nyingine kadhaa. Kiswahili hakituulizi kamwe kama mtu ni wa kiume au wa kike tunaposema "yeye". Ndiyo maana mkono unaandika "he" kabla akili haijauliza.

Mwenye kitu, si kitu

Kosa lingine tunaliona hata kwa watu waliosoma sana: "My sister came with his husband." Anayesoma hushangaa. Mume wa nani tena? Dada amekuja na mume wa mtu? Hapo ugomvi unaweza kuzuka bure.

Kosa hili nalo limetoka nyumbani. Katika Kiswahili tunaangalia kitu kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, viatu vyake. Kitu kikibadilika, neno nalo hubadilika. Kiingereza hakijali kitu hata kidogo, kinamtazama mwenye kitu. Dada ni wa kike, basi ni "her husband", "her house", "her shoes". Kaka ni "his wife", ingawa mke ni mwanamke. Kabla ya kuandika, jiulize: ni cha nani? Usijiulize: ni nini?

Mume wangu na mimi

Hapa hata Waingereza wenyewe hujikwaa. Tuandike "my husband and I" au "my husband and me"? Wengi wetu tulikemewa shuleni kwa kusema "me and my friend", tukatoka na imani kwamba "I" ndilo neno la adabu mahali pote. Kwa hiyo tunaandika "Thank you for inviting my husband and I," tukidhani tumependeza.

Dawa yake ni rahisi: mwondoe mume kwa muda. Ukibaki peke yako utasema "Thank you for inviting me." Basi mrudishe, na "me" libaki pale pale. Lakini "My husband and I thank you" ni sawa, kwa kuwa peke yako ungesema "I thank you." Baada ya maneno kama "for", "with" na "between" ni "me" daima: "between you and me".

Kwa "he" na "him" Kiswahili chenyewe kinatusaidia, jambo ambalo hatukuambiwa darasani. Anayetenda ana "a-": anasaidia. Anayetendewa ana "-m-": ninamsaidia. Penye "a-" weka "he" au "she". Penye "-m-" weka "him" au "her". Na "myself" ni ndugu ya "-ji-" yetu: nilijikata, "I cut myself". Kama kitenzi chako hakina "-ji-", usiandike "Send the reply to myself". Andika "to me".

"Its" lenye maana ya "chake" au "yake" halina alama ya koma ya juu, kama vile "his" isivyo nayo. "It's" ni kifupi cha "it is". Hilo linatosha.

Na kama hatujui mtu ni mwanamume au mwanamke? Zamani walimu walisema "he" inatosha kwa wote. Hata Bunge la Uingereza mwaka 1850 lilitunga sheria kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa na wanawake ndani. Sisi tuliokwisha kumgeuza binti wa watu mvulana hatuna hamu na mtindo huo. Unaweza kuandika "he or she". Unaweza pia kuandika "they" kwa mtu mmoja, kama "Every parent should bring their child." Wengine hukunja uso, lakini Waingereza wameitumia hivyo tangu karne ya 14.

Siku hizi kabla ya kufunga bahasha tunachukua kalamu nyekundu na kuzungushia duara kila "he", "she", "his" na "her", kisha mmoja anauliza kwa sauti: "Huyu ni nani?" Mara nyingi anayeuliza ni yule binti, ambaye sasa ndiye mwandishi wetu wa barua. Juzi alisimamisha kazi katikati. Tulikuwa tunamshukuru mtu aliyetutumia vitabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama ni baba au mama.

"Basi nitaandika 'they'," akasema, akaendelea.