Mapiko: Kinyago Kinachocheza

Vijana wanapotoka jandoni, kijiji cha Wamakonde hakilali. Chakula kinapikwa, pombe inapita, ngoma zinawambwa, na kila mtu anasubiri lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, liingie uwanjani. Ndivyo ilivyo desturi pande zote mbili za Mto Ruvuma, Newala hadi uwanda wa Mueda nchini Msumbiji. Huko Msumbiji mchezo huitwa mapiko. Upande wa Tanzania wengi husema midimu.

Kinyago cha mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, kikakombwa ndani mpaka kichwa kizima kiingie. Mchongaji hubandika nywele za binadamu kwa nta ya nyuki, na mara nyingi chale za usoni nazo hufinyangwa kwa nta. Mchezaji hukivaa kimeelekea juu, akawa anaonea kwenye kinywa. Mwili hufunikwa nguo gubigubi, na njuga hufungwa kiunoni. Mpigaji na mchezaji hujibizana: ngoma ikikata, mguu nao umekata.

Hapo ndipo maigizo yanapoanza. Anaweza kuja mzee, askari, au mtawala wa kikoloni anayechekwa na wale aliowatesa. Upande wa Tanzania, mwanamume huvaa tumbo na matiti ya mti, akacheza taratibu uzito wa mama mjamzito.

Kwa desturi, wanawake na watoto huambiwa kwamba lipiko ni zimwi la wafu. Mvulana hulikimbia utoto wake wote, kisha jandoni huonyeshwa kwamba ndani yumo mtu. Kwangu mimi, hilo ndilo somo kubwa kuliko yote: kijana hupewa siri ili aitunze, na kuaminiwa huko ndiko kunakomfanya mtu mzima. Wanawake nao wana siri zao za unyago.

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana baadaye kwenye jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva, na mwaka 2010 kikarudishwa. Ilikuwa haki, na wengine warudishe. Lakini kabatini hakuna mpigaji wala kijana wa kukikimbia. Tukitaka mapiko yaishi, tuwatunze wachongaji na wapiga ngoma, na tuwaachie wazee nafasi ya kufundisha jandoni.