Marudio ya Mwanga

Kwenye mialo ya Rwamagasa na Nyarugusu, mkoani Geita, mchanga uliokwisha kuoshwa na kupitishwa zebaki hautupwi. Unaitwa marudio, una bei yake, na wenye mitambo ya sianidi huununua wakijua kwamba zebaki haikukamata dhahabu yote. Zebaki yenyewe ni habari nyingine: ikichomwa hadharani inapaa, na hakuna wa kuirudisha. Tofauti hiyo, kati ya kilichojificha na kilichotawanyika, inatosha kuvua nusu ya miujiza inayosimuliwa kuhusu ufutaji wa kikwantamu, yaani kufuta habari za njia ambayo mwanga umepita.

Mwanga ukipita kwenye matundu mawili membamba hujichora ukutani kwa mistari ya nuru na giza, hata fotoni, yaani chembe za mwanga, zikitumwa moja moja. Weka alama ya kuonyesha kila fotoni imepita tundu lipi, na mistari inatoweka. Mwaka 1982 Marlan Scully na Kai Drühl walitoa hoja kwamba alama ikifutwa, mistari yaweza kurudi. Jaribio lililo wazi kuliko mengine, kwa maoni yangu, ni la Stephen Walborn na wenzake, mwaka 2002, Belo Horizonte, Brazili. Fotoni zilizaliwa pacha. Mmoja alielekezwa kwenye matundu, ambako vipande vya fuwele viliuzungusha mtetemo wake, tundu moja kuume, jingine kushoto; hiyo ndiyo alama. Mwenzake alipitishwa kwenye kichujio cha mtetemo kilichoinamishwa nyuzi 45. Zilipohesabiwa zile tu ambazo pacha wao walipenya, mistari ilirudi. Kichujio kilipoinamishwa upande wa pili ilirudi tena, ila penye nuru pakawa giza, na penye giza nuru.

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa pacha anaweza kupimwa baada ya mwenzake kufika, uamuzi wa leo umebadili ya jana. Jumlisha makundi yote mawili, basi: mistari ya hili inaziba mapengo ya lile, na ukutani linabaki doa lilelile. Hakuna nukta iliyohama. Je, huku si kuchagua hesabu tu? Hapana. Fotoni ambazo kila moja imepita tundu moja tu, uzigawe kwa pacha wao utakavyo, hazitoi mistari. Mpangilio ulikuwepo, ila umegawanywa kati ya wawili, umejificha kama dhahabu kwenye marudio.

Ugumu uko kwingine, pale habari zinapotawanyika. Mwaka 2004, Vienna, kikundi cha Markus Arndt na Anton Zeilinger kilipasha moto molekuli zenye atomi 70 za kaboni, zikapita kwenye vichana vya dhahabu vyenye mianya membamba, ambako nazo huchora mistari kama mwanga. Kadiri joto lilivyozidi ndivyo mistari ilivyofifia, maana molekuli ya moto hutoa fotoni zinazobeba habari za mahali ilipo. Kinadharia, hizo nazo ni za kupimwa na kufutwa. Kwa vitendo zimekwenda kila upande, kama zebaki iliyochomwa. Ndiyo maana kompyuta nyingi za kikwantamu hufungiwa kwenye baridi inayokaribia sifuri kamili, ili habari zisivuje tangu mwanzo.