Nafasi 12 Kati ya 40: Sheria Inasema Nini Kuhusu Mgao wa Kazi za Wakufunzi

Kila mara orodha ya wakufunzi wapya wa vyuo vya ufundi anuwai inapobandikwa, maswali mawili hufika katika ofisi za wadi siku hiyo hiyo. La kwanza huulizwa na kijana wa Kitui Kusini au wa Mbooni, mwenye cheti na ujuzi, aliyeona jina lisilo la Kikamba kwenye orodha: mbona kazi yetu imepewa mgeni? La pili huulizwa na mzazi wa wadi ya Tharaka huko Mwingi Kaskazini, au mfanyabiashara ambaye watoto wake walizaliwa na kukulia Mtito Andei: mbona majina karibu yote ni ya jamii moja?

Wote wawili wamesikia kwamba kuna "sheria ya asilimia 30". Kila mmoja huitaja akiamini iko upande wake.

Sheria hiyo ipo. Ni kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Shida ni kwamba hunukuliwa mara nyingi kuliko inavyosomwa, na malalamishi mengi yanayofika kwa mawakili huanzia kwenye jambo ambalo sheria haikulisema.

Kwanza, ni kazi zipi zinazohusika

Si kila mwalimu wa chuo cha umma aliye Kitui au Makueni ameajiriwa na kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, vile ambavyo wazee bado huviita "politekniki ya kijiji". Wakufunzi wa vyuo hivyo huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Walimu wa vyuo vya kiufundi vya serikali ya kitaifa wako chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, tangu walipohamishwa kutoka kwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, mwaka 2018. Wanaofundisha katika vyuo vya ualimu bado ni wa TSC. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza huajiriwa na chuo chenyewe, chini ya baraza lake.

Kwa hivyo anayelalamika kuhusu mhadhiri wa Kwa Vonza akiwa na kifungu cha 65 mkononi ameshika ufunguo wa nyumba nyingine. Kifungu hicho kinaifunga bodi ya kaunti pekee. Taasisi za kitaifa zina kipimo chao, ambacho ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Mwaka 2016, wakati baadhi ya viongozi wa kisiasa wa Bonde la Ufa walipoandamana kupinga uteuzi wa Profesa Laban Ayiro kuwa kaimu naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi wakitaka mtu wa eneo hilo, wengi walidhani kuna sheria inayowapa wenyeji haki ya kwanza. Haipo. Si kwa vyuo vikuu, na si kwa kaunti.

Kile ambacho asilimia 30 inapima

Kifungu cha 65 kinasema kwamba bodi, inapochagua wa kuajiri, itazingatia mambo kadhaa: maadili ya Katiba, sifa za kimasomo, tajriba, mwenendo wa mwombaji, uwazi wa zoezi lenyewe, na haja ya kuhakikisha kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi katika ngazi ya kuanzia kazi zinajazwa na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti hiyo.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kaunti imetangaza nafasi 40 za wakufunzi wa daraja la kwanza kabisa. Asilimia 30 ni nafasi 12. Hizo 28 zilizobaki hazijatengewa mtu. Zinashindaniwa na wote, na hakuna mahali sheria inasema kwamba ni za jamii kubwa.

Maneno ya kuangaliwa ni "nafasi zilizo wazi" na "ngazi ya kuanzia kazi". Mgao hauhesabiwi kwa wafanyakazi wote wa kaunti kwa pamoja, wala hauhusu cheo cha meneja wa chuo au naibu wake, ambavyo si vyeo vya kuanzia. Pia hauhesabiwi chuo kwa chuo. Mtu akisema, "Hapa chuoni kwetu wakufunzi wote sita ni Wakamba, sheria imevunjwa," bado hajathibitisha chochote.

Lakini jambo linalowapotosha watu zaidi ni neno "mgeni". Sheria haiulizi mtu alizaliwa wapi wala anaishi wapi. Inauliza kama anatoka katika jamii iliyo kubwa zaidi. Mtharaka wa Mwingi Kaskazini, ambaye babu yake na baba yake wamezikwa kwenye ardhi ya Kitui, anahesabiwa ndani ya ile asilimia 30. Mkamba aliyezaliwa Nairobi au Machakos, ambaye hajawahi kulala Kitui hata usiku mmoja, hahesabiwi humo. Kwa macho ya jirani, wa kwanza ni mwenyeji na wa pili ni mgeni. Kwa macho ya kifungu cha 65, mambo ni kinyume. Mtu anaweza kuona kipimo hicho si kizuri, na wapo wanaosema hivyo kwa sababu nzuri, lakini ndicho kilichopitishwa na Bunge.

Kuna hatari upande wa pili pia. Kifungu cha 27(4) cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila au kuzaliwa. Tangazo la kazi linalosema "wakazi wa kaunti hii pekee" linajiitia kesi, hata kama nia ilikuwa kuwasaidia vijana walio karibu.

Tena mgao haumpi mtu kazi asiyoiweza. Mkufunzi lazima awe na sifa zilizotangazwa na awe amesajiliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, TVETA. Kifungu hicho cha 65 kinaongeza kwamba, katika kuamua kama uajiri ulikuwa wa haki, mambo ya kutangulizwa ni sifa za mwombaji, ushindani wa haki, na uwakilishi wa watu mbalimbali wa kaunti.

Hapo ndipo penye ugumu

Kitui na Makueni si Nakuru wala Nairobi. Idadi kubwa sana ya wakazi ni wa jamii moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na anayetembea kutoka Mutomo hadi Kyuso, au kutoka Wote hadi Kilungu, atasikia Kikamba karibu njia nzima. Asilimia 30 ya wasio wa jamii hiyo ni kiwango kinachozidi sehemu yao katika jumla ya wakazi. Kiwango cha thuluthi moja cha sheria ya 2008, kingetumiwa hapa neno kwa neno, kingetaka theluthi mbili ya wafanyakazi wa kaunti watoke jamii nyingine. Ndiyo maana hata Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilipokagua kaunti mwaka 2016 ilitumia kipimo cha asilimia 30. Hata kwa kipimo hicho, ni kaunti 15 pekee kati ya 47 zilizokitimiza.

Itakuwaje basi ikiwa nafasi ni 40, na wasio wa jamii kubwa waliotuma maombi wakiwa na sifa ni watano tu? Si rahisi kumshawishi mwalimu wa umeme kutoka Busia au Kilifi ahamie Endau kwa mshahara wa daraja la kwanza. Sheria inasema bodi "itazingatia haja", nayo haijasema nafasi saba zilizosalia zikae wazi hadi mtu apatikane. Lakini pia haijasema bodi inaweza kuinua mikono na kusema hawakuja. Kifungu cha 66 kinataka nafasi zitangazwe kwa namna itakayowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wamewahi kuachwa nyuma.

Kwa hivyo maswali yanayoihusu bodi ni ya karatasi. Tangazo lilichapishwa wapi? Lilikaa siku ngapi? Waliotuma maombi walikuwa wangapi, na kutoka wapi? Alama za mahojiano ziko wapi? Bodi yenye majibu hayo inaweza kujitetea hata kama ilifikisha asilimia 12 pekee. Bodi isiyo nayo iko taabani hata ikifikisha 30.

Malalamishi ya ukoo na ya wadi ni mengine, na kusema kweli ndiyo mengi zaidi. Hakuna sheria ya Kenya inayotenga asilimia kwa ukoo. Mlalamishi anayetaka kusikilizwa hapo anafaa kuonyesha kwamba ushindani haukuwa wa haki, kwa mfano kwamba mwenye alama ndogo alimpita mwenye alama kubwa bila sababu kuandikwa.

Wanawake na watu wenye ulemavu

Historia ya kesi za mgao nchini Kenya imejengwa zaidi na wanawake. Mwaka 2011 shirika la mawakili wanawake, FIDA, lilikwenda Mahakama Kuu kwa sababu kati ya majaji watano waliopendekezwa kujiunga na Mahakama ya Juu, mwanamke alikuwa mmoja. Likashindwa. Majaji walisema kanuni ya thuluthi mbili ya Kifungu cha 27(8) ingetekelezwa hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata Jaji Mumbi Ngugi alifuata njia tofauti: alibatilisha uteuzi wa makamishna 47 wa kaunti, ambao wanawake kati yao walikuwa 10 tu. Kisha tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Juu, ikitoa ushauri kuhusu Bunge, ikarudia msimamo wa hatua kwa hatua, huku Jaji Mkuu Willy Mutunga akipinga wenzake.

Kwa wakufunzi, kifungu chenye nguvu zaidi ni cha 232, kinachotaka wanaume na wanawake, watu wa jamii zote, na wenye ulemavu wapate nafasi za kutosha na sawa katika ngazi zote za utumishi wa umma. Jambo hili lina uzito vyuoni. Msichana anayetaka kujifunza uashi au kuchomelea vyuma, na ambaye hajawahi kuona mwanamke akiifundisha kazi hiyo, mara nyingi huishia kwenye ushonaji.

Kwa watu wenye ulemavu kiwango ni asilimia 5, kilichotajwa katika Kifungu cha 54 cha Katiba na kurudiwa katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Katika mfano wa nafasi 40, hizo ni nafasi mbili. Mtu mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili: Mtharaka mwenye ulemavu wa kuona anaingia kwenye hesabu ya 12 na pia kwenye hesabu ya mbili.

Njia ya kulalamika

Asiyeridhika hatakiwi kukimbilia kortini. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa haki ya kukata rufaa kwa PSC kuhusu uajiri, uteuzi na sifa zilizowekwa kwa kazi. Rufaa iwe ya maandishi, na ifike ndani ya siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa. PSC inaweza kupokea iliyochelewa ikiona kuna sababu ya kutosha, lakini hiyo si ahadi.

Wengi wamepoteza kesi nzuri kwa kuruka hatua hii. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyotoka Wajir, ilisema wazi kwamba mfanyakazi wa kaunti lazima amalize njia ya PSC kwanza. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 nayo imeliandika sharti hilo. Baada ya PSC ndipo huja Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kabla ya rufaa, ni vyema kuomba takwimu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Siku hizo hutoka katika zile 90, kwa hivyo barua iandikwe wiki ile ile orodha inapotoka. Iombe idadi ya nafasi zilizotangazwa, idadi ya waombaji, mgawanyo wa walioajiriwa kwa jamii, jinsia na ulemavu, na alama za mlalamishi mwenyewe. Ikikataliwa, au siku zikipita kimya, malalamishi hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na anayefikiria kuomba amri ya kusimamisha uajiri wote ajue kitakachofuata. Korti ikikubali, waliochaguliwa hawaripoti kazini, nao wana haki ya kusikilizwa katika kesi hiyo kwa sababu ni riziki yao inayojadiliwa. Wakati huo karakana ya chuo hubaki na mashine zilizofunikwa turubai, na wanafunzi waliolipa karo wakimsubiri mwalimu. Ombi linaloelekezwa kwenye nafasi zinazobishaniwa pekee, na kuacha nyingine ziendelee, huwaumiza watu wachache zaidi.

Fomu za rufaa zinapatikana katika ofisi na tovuti ya PSC. Barua za kuomba takwimu zielekezwe kwa katibu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti husika, na mlalamishi abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa siku ilipopokelewa.