Gitaa kavu la mpakani: Kwa nini mabingwa wake hawatambuliki?

Mji wa Busia uliipa Afrika Mashariki neno ambalo sasa linajulikana hata nje ya bara. Kwa simulizi inayokubalika na wengi, katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo yao katika ukanda ulio baina ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda, huku wakiita "boda, boda!". Baiskeli zikawa pikipiki, na neno likaingia kwenye kamusi na hata katika sheria za barabarani.

Muziki nao ulivuka hapo hapo, ukiwa na kelele kidogo zaidi. Kwa takriban miaka ishirini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya na wenzao wa mashariki mwa Uganda waliunda mitindo ambayo wataalamu wa muziki wa Afrika bado wanaichunguza hadi leo. Hata hivyo, mtu akiulizwa awataje wapiga gitaa mahiri wa Afrika, majina yatakayotangulia ni ya Kinshasa, kama vile Franco au Dokta Nico, au ya Mali, kama Ali Farka Touré. Ni nadra kumsikia George Mukabi akitajwa.

Swali ni kwa nini.

Mpaka uliochorwa juu ya watu

Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya eneo ambalo leo ni magharibi mwa Kenya ilikuwa chini ya utawala wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia jimbo hilo katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mstari mpya ukawagawa watu waliokuwa jirani. Wasamia wapo Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Wateso wapo pande zote mbili za Malaba. Wajopadhola wa Tororo huzungumza lugha iliyo ndugu ya Kijaluo cha Kenya, hivyo msikilizaji wa Tororo hahitaji mkalimani mrefu kuielewa benga ya Kisumu.

Tororo pia ni njiapanda ya reli: njia inayotoka Mombasa kuelekea Kampala hugawanyika hapo na tawi jingine huenda Mbale, Soroti na kaskazini. Reli, na baadaye kiwanda cha saruji, viliwaleta vibarua kutoka kila upande. Kibarua mwenye mshahara ndiye aliyeweza kununua gitaa, na kibarua mwenzake ndiye aliyekuwa na senti za kununua santuri.

Daudi Kabaka ni mfano mzuri wa mchanganyiko huo. Alizaliwa Uganda mwaka 1939 na wazazi Waluhya wenye asili ya Kenya, na jina lake lenyewe linabeba cheo cha mfalme wa Buganda. Umaarufu wake, lakini, aliupatia Nairobi, alikoitwa mfalme wa twisti. Katika kundi la Equator Sound Band alikuwa pamoja na Fadhili William wa Kenya, Charles Sonko wa Uganda, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Ukiusikiliza muziki wao, ni vigumu kusema ni wa nchi gani, na hilo lilikuja kuwa tatizo kwao: orodha za magwiji huandikwa kitaifa.

Vidole viwili, kazi ya watu watatu

Kinachoitwa "gitaa kavu" ni gitaa lisilotumia umeme. Wapigaji wa magharibi mwa Kenya walilipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, yaani kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushughulikia nyuzi nene na kutoa besi isiyokatika, wakati kidole cha shahada kinachomoa wimbo katika nyuzi nyembamba. Anayesikiliza bila kuona hudhani wapo wapigaji wawili. Mpigaji akiongeza sauti yake ya kuimba, ambayo mara nyingi haifuati njia ya gitaa bali hujibizana nalo, kazi ya watu watatu inafanywa na mtu mmoja aliyeketi kwenye kigoda.

Ujuzi huo haukuanzia kwenye gitaa. Mikono ya eneo hili ilikwishazoea kuchomoa nyuzi: Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane, Wabukusu wana litungu, na Wateso wana akogo, ala ya vibao vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba. Gitaa lilipofika, likiletwa na wafanyabiashara wa Nairobi na askari waliorejea kutoka vitani Burma, lilipokewa na watu waliokuwa tayari na la kulifanyia.

Mtindo uliopata sifa zaidi ni omutibo wa Waluhya, na jina linaloambatana nao ni la George Mukabi wa eneo la Kakamega. Mukabi alichukua mapigo ya ngoma za kwao na kuyahamishia kwenye besi ya gitaa, kisha akaimba kwa Kiluhya na kwa Kiswahili chepesi ambacho mtu wa Tororo au Mombasa angeweza kukielewa. Nyimbo zake zilihusu mapenzi, wazazi, watoto na gharama ya kuishi mjini. Pembeni, mwenzake alikwaruza chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Chupa hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya mikunjo ya kioo chake, na hakuna ala ya dukani iliyowahi kuchukua nafasi yake ipasavyo.

Mukabi hakuwa peke yake. John Mwale alikuwa hodari kiasi cha kulinganishwa naye. Wote walipiga katika kivuli cha Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye mtafiti Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Mwenda alifika Nairobi mwaka 1959 na akasikika redioni. Ni kawaida kusema kwamba Wakenya walimuiga. Ukweli una sura mbili: walijifunza kwake, ila omutibo una mwendo wake, wa kuchezeka zaidi na wenye besi nzito kuliko upigaji wa Mwenda, ambao ni wa kusikilizwa kwa utulivu.

Walilipwa mara moja

Sababu ya kwanza ya kusahaulika kwao ni biashara ya santuri. Katika miaka ya 1950 kampuni za Nairobi zilirekodi nyimbo nyingi kwa haraka, na desturi iliyoenea ilikuwa kumlipa mwanamuziki kiasi kimoja cha fedha siku ya kurekodi. Akishaondoka studio, santuri ikiuzwa mia moja au elfu kumi, kwake ilikuwa mamoja. Karatasi ya katikati ya santuri ilitaja mwimbaji au kundi. Aliyepiga gitaa la pili, au aliyebuni mapigo ya utangulizi yanayokumbukwa na kila mtu, mara nyingi hakuandikwa.

Kisha teknolojia ikawageuka. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika huvunjika zikianguka, na kadiri gitaa la umeme lilivyoenea katika miaka ya 1960, muziki wa mtu mmoja ulianza kuonekana wa kizamani. Mukabi mwenyewe aliuawa mwaka 1963, akiwa bado kijana, miezi michache tu kabla ya Kenya kupata uhuru au pengine wiki chache. Kwa vyovyote hakuwahi kuupata umri wa kutunukiwa nishani.

Upande wa Uganda hali haikuwa tofauti sana. Huko, mtindo wa kadongo kamu, jina linalomaanisha gitaa dogo moja, uliwapa wapigaji pekee heshima ya wasimulizi, lakini ulifungwa ndani ya lugha ya Kiganda. Bernard Kabanda, aliyeweza kugeuza sanduku la gitaa lake kuwa ngoma huku akiendelea kuchomoa nyuzi, alipata mkataba na lebo ya Real World ya Uingereza na albamu yake ikatoka mwaka 1999. Alifariki mwaka huo huo.

Utambuzi uliotoka mbali

Jambo linaloumiza kidogo ni kwamba sehemu kubwa ya heshima waliyopata ilitoka ng'ambo. Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, liliurudia wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, na kuingia nao katika chati za Uingereza. Ni wangapi kati ya walionunua santuri hiyo London waliojua kwamba mtunzi ni kijana aliyezaliwa Uganda na kuishi Nairobi?

Abana ba Nasery, watatu kutoka Bunyore wakiongozwa na Shem Tube, walikuwa wamepiga kwa miaka mingi kabla ya lebo ya GlobeStyle kukusanya rekodi zao za zamani. Baadaye wakarekodi albamu mpya London pamoja na wanamuziki wa asili wa huko, iliyotoka mwaka 1992. Nyimbo za Mukabi nazo zilikusanywa upya katika santuri moja na lebo ya Marekani katika muongo wa 2010.

Mwaka 2014 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, ilianza kurejesha vijijini Kenya nakala za rekodi za miaka ya 1950, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa. Hiyo ni hatua kubwa, ingawa kurudishiwa sauti si sawa na kurudishiwa haki.

Saa ya sheria

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la sifa pekee. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa wimbo katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 nayo imeweka miaka 50 baada ya kifo. Rekodi yenyewe, yaani sauti iliyonaswa, hulindwa nchini Kenya kwa miaka 50 tangu ilipofanywa.

Maana yake kwa kizazi hiki ni kwamba rekodi zote zilizofanywa Nairobi kabla ya mwaka 1970 zimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Kwa utunzi, hesabu hutegemea mwaka wa kifo. Daudi Kabaka alifariki mwaka 2001, kwa hiyo nyimbo alizozitunga zinapaswa kulindwa nchini Kenya hadi mwisho wa mwaka 2051, na warithi wake bado wanaweza kudai mirabaha.

Kwa Mukabi, muda huo ulikwisha kufikia tarehe 31 Desemba 2013. Mwanawe, Johnstone Mukabi, ambaye pia ni mpiga gitaa, ameendelea kupiga nyimbo za baba yake kwa vidole vile vile viwili. Mtu mwingine yeyote anaweza sasa kuzirekodi bila kuiomba familia hiyo idhini.