Filtri ya mafuta ya moteri: tofauti ya dola chache inayoweza kuua gari lako

Butembo, Kivu ya Kaskazini. Mwaka jana, Toyota Corolla ya kaka yangu mkubwa, inayobeba abiria kati ya Butembo na Beni, ilikatia safari njiani saa kumi na moja jioni. Taa nyekundu ya mafuta iliwaka, moteri ikaanza kugonga, kisha ikakaza kabisa. Kati ya miji hii miwili si mbali, haifiki kilomita 60, lakini kila mkaaji wa hapa anajua kwa nini hakuna anayetaka giza limkute kwenye barabara hiyo. Abiria walipata gari lingine. Yeye alirudi mjini akivutwa kwa kamba.

Fundi alipofungua moteri alikuta vipande vya karatasi vimeziba njia ndogo za mafuta. Karatasi hiyo ilitoka ndani ya filtri iliyowekwa wiki sita tu kabla, siku ya vidanji, kwenye garaji moja ya kando ya barabara. Kaka alikuwa amechagua filtri ya bei ya chini. Tofauti na ile nyingine haikufika dola 5. Moteri ya okazioni aliyonunua baadaye ilimla mapato ya miezi kadhaa.

Filtri ni chupa ndogo ya chuma, na kwa nje zote zinafanana. Kazi iko ndani. Pampu inasukuma mafuta yapite kwenye karatasi iliyokunjwa mara nyingi, uchafu unabaki, mafuta safi yanaendelea hadi kwenye kusineti, vile vyuma laini vinavyobeba mti unaozunguka ndani ya moteri. Uchafu unaotafutwa hapo ni mdogo kuliko upana wa unywele: vumbi lililopita kwenye filtri ya hewa, masizi, na unga wa chuma unaotoka kwenye moteri yenyewe. Kwa barabara zetu za udongo mwekundu, vumbi pekee linatosha.

Mna pia klapeti mbili. Ya kwanza ni ngozi ya mpira inayozuia mafuta yasirudi chini gari linapozimwa. Ikiwa mbovu, utaisikia asubuhi: unawasha, moteri inagonga sekunde kadhaa, taa inachelewa kuzima, kwa sababu vyuma vinazunguka vikiwa vikavu. Ya pili inafunguka filtri inapoziba, ili mafuta yapite hata bila kuchujwa. Watengenezaji waliona heri moteri ipate mafuta machafu kuliko ikose kabisa. Lakini kwenye filtri ya ovyo, klapeti hii inaweza kubaki wazi muda wote, na wewe unatembea miezi ukidhani unachuja.

Vipuri vingi vinavyouzwa hapa vinatoka Dubai na China, vinapitia Mombasa na Uganda, vinaingia kwa mpaka wa Kasindi. Ofisi ya ukaguzi, OCC, ina kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia. Hata hivyo, mbele ya meza ya muuzaji ni macho yako yanayoamua, na boksi lenye maandishi ya Toyota halithibitishi kitu. Maboksi ndiyo rahisi zaidi kuiga.

Anza na namba. Filtri nyingi za Toyota za kufunga kwa kuzungusha zina namba inayoanza na 90915. Nenda na ile inayofaa moteri yako, si gari tu, maana Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na moteri tofauti. Namba ya kwenye boksi na ya kwenye chupa zilingane, na maandishi yasifutike ukiyasugua kwa kidole. Usikubali neno la “inaingia tu, patron”. Uzi unaweza kuingia vizuri na klapeti ikawa ya moteri nyingine. Na si lazima iwe ya Toyota: Denso, Mann, Mahle na Bosch wanatengeneza filtri nzuri, ingawa nao wanaigwa.

Kisha igeuze. Mpira wa mviringo uwe laini, sawa pande zote, umekaa imara kwenye njia yake. Uzi wa katikati uwe safi, usiwe na unga wa chuma. Chungulia kwenye matundu madogo: utaona ile ngozi ya mpira imeyafunika. Isukume kidogo kwa kijiti safi. Ikirudi mahali pake, vema. Ikiwa ngumu kama plastiki, au hakuna kitu kabisa, rudisha.

Karatasi yenyewe huwezi kuiona dukani. Hapo ndipo filtri ya zamani inapokusaidia, na wenye magari wengi wanaiacha itupwe. Siku ya vidanji, mwombe fundi aipasue mbele yako. Msumeno wa chuma unaacha unga wake ndani, kwa hiyo patasi au mkasi wa bati ni bora. Tandaza karatasi: mikunjo ikiwa michache, imelala upande mmoja, au gundi imeachia, usinunue tena aina hiyo hata kama gari halijakusumbua. Ukiona chembe zinazong’aa kama fedha kati ya mikunjo, tatizo si filtri tena, ni moteri, na afadhali ulijue ukiwa garajini.

Kuna wanaosafisha filtri kwa esansi na kuirudisha, au kuiuza. Karatasi iliyolowa hivyo inalegea, mpira unaharibika, na uchafu unasukumwa upande wa mafuta safi. Hiyo si akiba.

Kufunga pia kuna makosa yake. Hakikisha mpira wa filtri ya zamani haukubaki umegandamana kwenye moteri, kwani mipira miwili ikikutana mafuta yote yanaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Paka mafuta kidogo kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono hadi uguse, halafu ongeza robo tatu za mzunguko. Washa, angalia taa izime upesi, chungulia chini, zima, ngoja kidogo, kisha pima mafuta kwa kijiti.

Siku hizi kaka yangu anaandika tarehe na kilomita kwenye chupa ya filtri kwa kalamu nene. Kwa vumbi la Beni anabadilisha kila kilomita 5.000, na fundi wake ameshazoea kupasua ile ya zamani kabla hajaulizwa.