Mpaka wa Bamvua

Mtu apitaye nyuma ya mikoko ya hori za Tudor au Mwache, Mombasa, siku za maji mafu, naye si mzaliwa wa pwani, hudhani kwamba uwanda ule wa udongo mkavu wenye chumvi, ulioota hapa na pale michu iliyodumaa, ni kiwanja kilichosahauliwa na mwenyewe; na dhana hiyo ndiyo asili ya madhara mengi, kwa kuwa mahali pale ni sehemu ya bahari, ila bahari haipafikii isipokuwa kwa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka.

Mikoko haioti ovyo. Mlilana hutangulia penye maji mengi, ukafuatwa na mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na mwisho, katika ukingo wa nchi kavu, mchu, ingawa mchu huo huo huonekana tena mbele kabisa kando ya mlilana. Ukilamba jani la mchu utaonja chumvi, kwa maana mti huo huinywa pamoja na maji ukaitoa majanini. Na chini yake, topeni, huchomoza mamia ya vijizizi vilivyosimama wima, vya urefu wa kidole au zaidi, ambavyo huvuta pumzi kwa ajili ya mizizi iliyozama katika tope lisilo na hewa. Ajuaye hayo hahitaji shoka. Kifusi cha malori machache, kikimwagwa usiku na kuvifunika vijizizi hivyo, chatosha kuunyausha mchu ungali umesimama. Baada yake huja ukuta, baada ya ukuta nyumba, na hatimaye maneno kwamba pale hapakuwa na msitu tangu hapo.

Sheria ya Kenya haikulipuuza jambo hili. Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi tangu 1932, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, imeihesabu ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Fauka ya hayo, kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki ya mazingira safi, bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Lakini alama ya maji haikuandikwa ardhini. Kifusi kikishajazwa, maji hayafiki tena, na yule yule aliyeyazuia husimama akidai kwamba bahari yaishia mbele ya ukuta wake.

Hapo ndipo ushahidi wa majirani unapopata thamani kuliko maandamano. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na wavuvi na wazee wa mtaa, wakifuatana na afisa wa misitu na naibu wa chifu, wakizipiga picha zenye tarehe na kuweka vigingi pale maji yalipofika, huwa wameweka hoja ambayo wakili hawezi kuibatilisha kwa urahisi. Leseni ya mazingira ya ujenzi ikitolewa, wanaoipinga wana siku 60 za kukata rufaa mbele ya baraza la rufaa za mazingira, na siku hizo si nyingi kwa watu ambao hawajaanza hata kukusanya picha.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji walipita njia nyingine. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huhifadhi hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayofungwa na miti na tope lake, na mapato yake yameingia katika maji na shule. Watu husifu fedha. Mimi naona fadhila kubwa zaidi ni mkataba na ramani waliyokubaliana na Shirika la Huduma za Misitu, kwa sababu kijiji chenye ramani iliyotiwa saini hakiambiwi kwamba msitu haukuwapo.

Insafu yataka isemwe kwamba nyumba si adui wa pekee. Tudor, iliyopoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake baina ya 1992 na 2009, ilidhuriwa pia na ukataji wa kuni na boriti, na maji taka ya mji, na mchanga ulioletwa na mvua. Wala kupanda miche si dawa ya yote: aghalabu huchomekwa mbegu ndefu za mkoko mahali ambapo mkoko hauoti, kwa sherehe na picha, ilhali michu iliyo nyuma yake inafukiwa siku ile ile.

Tena bahari inapanda. Mikoko huweza kuifuata kwa kusogea bara kizazi baada ya kizazi, lakini ikikuta ukuta husimama na kuzama. Kwa hiyo wakaazi waitwapo kutoa maoni juu ya mipango ya mji, wasidai mikoko iliyopo peke yake. Wadai na ardhi kavu iliyo nyuma yake, kabla haijakatwa viwanja.